Jinsi ya kulinganisha programu za kupanga safari za ndege bila kudanganywa na jumla

Hazipiti wiki mbili sijaulizwa tena. Juzi aliuliza kijana aliyemaliza kozi ya udispacha, kazi ya kupanga na kufuatilia safari za ndege ofisini. Kabla yake alikuwa rubani wa kampuni ndogo ambaye bosi wake alimwambia tu, "Tafuta programu nzuri." Na kabla ya huyo, binti wa jirani hapa Port Reitz, Mombasa, anayesomea mambo ya anga na ana kazi ya kuwasilisha darasani. Swali ni lile lile: kati ya Lido, Jeppesen na NAVBLUE, ipi ni bora? Nami huwajibu kwa swali: umezipa zote safari moja, uzito mmoja na upepo mmoja? Kama bado, hujalinganisha kitu. Umesoma matangazo ya wauzaji, basi.

Mwongozo huu ni wa anayeanza. Hauna hesabu nzito. Unachodai ni subira ya wiki nne na jedwali lililojazwa kwa uaminifu.

Msamiati kidogo kwanza. Programu hizi hutoa karatasi tunayoiita OFP (operational flight plan, mpango wa uendeshaji wa safari): ndani yake mna njia, kimo cha kuruka, upepo, muda, na mafuta yaliyogawanywa mafungu mafungu. Rubani huitia sahihi na kuondoka nayo. Kosa likiwemo mle ndani, linapanda naye angani. Kwa hiyo kazi hii tuifanye kwa moyo wote, hata kama ni ya darasani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ndege moja halisi, kwa namba yake ya usajili. Usiseme "737" au "Dash 8" ukaishia hapo. Ndege mbili za aina moja hazinywi mafuta sawasawa. Iliyozeeka hunywa zaidi. Uwe na uzito wake mtupu, vikomo vyake vyote vya uzito, na asilimia ambayo mafundi wanasema imepungukiwa na ubora wake wa kiwandani.
- Sera ya mafuta ya kampuni, ukurasa wenyewe kutoka kwenye kitabu cha uendeshaji. Usiiandike kwa kumbukumbu.
- Akaunti ya majaribio kutoka kwa kila muuzaji, ambayo utaiingia mwenyewe. Onyesho analoendesha muuzaji kwa mkono wake halitoshi. Yeye anajua pa kubonyeza na pa kupita haraka.
- Jedwali la Excel lenye safu moja kwa kila fungu la mafuta. Usiweke safu ya jumla mwanzoni. Sababu utaiona hatua ya 5.
- Rubani mmoja mwenye subira wa kukuletea takwimu za mafuta baada ya kutua.

Kama wewe ni mwanafunzi na hakuna muuzaji atakayekupa akaunti, anza na SimBrief. Ni ya bure, na OFP yake inafanana sana na ya kazini. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya wanaorusha ndege za kompyuta, na wenyewe wanasema wazi kwamba si ya safari za kweli. Jifunzie hapo namna ya kusoma karatasi, halafu uiache hapo hapo.

Hatua ya 1: Jua nani ni nani

Hapa hatukai sana. Lido ni ya Lufthansa Systems, Ujerumani. JetPlanner ni ya Jeppesen, kampuni iliyoanzishwa na rubani Elrey Jeppesen mwaka 1934. Boeing iliinunua mwaka 2000, na mwaka 2025 ikakubali kuiuza, pamoja na ForeFlight, kwa kampuni ya uwekezaji ya Thoma Bravo. NAVBLUE ni ya Airbus, iliundwa mwaka 2016, na programu yake inaitwa N-Flight Planning. Flight Plan Manager iliyokuwa ya Sabre ilihamia CAE ya Canada mwaka 2022. Flightkeys ni ya Vienna, Austria. PPS ilianzia Denmark na hutumiwa sana na kampuni za wastani na ndogo.

Naulizwa sana kama programu ya Airbus inakataa ndege za Boeing. Haikatai. Mwenye mali hukuhusu kwa jambo moja: mkataba wako utakuwa na nani, na nani atapokea simu saa nane usiku.

Hatua ya 2: Chagua safari tatu za kupimia

Safari moja haitoshi, kumi zitakuchosha. Chagua tatu zinazosumbua kila moja kwa namna yake. Kwa aliyeko Mombasa mimi hupendekeza hizi:

Ya kwanza, Mombasa hadi Nairobi, au kwa alama za viwanja, HKMO kwenda HKJK. Ni fupi, kama maili 230 za baharini kwa mstari ulionyooka, na watu huidharau kwa ufupi wake. Kumbe ndiyo inayofichua mengi. Unaondoka karibu usawa wa bahari na kutua kwenye kiwanja kilicho mita 1,624 juu. Sehemu kubwa ya safari ni kupanda na kushuka, na programu dhaifu hukosea hapo hapo. Tena asubuhi za Juni hadi Agosti mawingu ya chini huikalia Nairobi, hivyo kiwanja cha akiba, yaani cha kukimbilia ukishindwa kutua, ni suala la kweli, si la kujaza nafasi kwenye fomu.

Ya pili, Mombasa hadi Dar es Salaam. Ni fupi pia, lakini unavuka kutoka anga inayosimamiwa na Nairobi kuingia ya Dar es Salaam. Hapa unapima kama programu inajua ada za anga za nchi ya pili, na kama inaandika nukta ya mpakani na muda wa kuifikia ipasavyo.

Ya tatu, Mombasa hadi Frankfurt, hata kama kampuni yako haitafika huko kamwe. Ni kama maili 3,600 za baharini, na mstari mfupi kabisa kati ya miji hiyo miwili unapita karibu na Khartoum. Tangu vita vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa. Upande wa mashariki ulianza kufunguliwa Agosti mwaka huo. Wanaokwenda Ulaya kutoka kwetu walilazimika kuzunguka. Ipe programu safari hiyo bila kuidokezea lolote, uone. Ikikuchorea mstari ulionyooka juu ya Khartoum bila hata onyo, umejifunza jambo ambalo hakuna tangazo lingekuambia. Zaidi ya hapo, mpango huo lazima upite kwenye mfumo wa Eurocontrol (shirika linaloratibu safari za anga ya Ulaya), ambao hukataa njia isiyofuata kanuni zake. Programu nzuri huipima njia huko kabla hujaituma.

Hatua ya 3: Funga vigezo vyote

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo roho ya kazi yote. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, andika vigezo vifuatavyo kwenye karatasi moja, kisha uvinakili sawasawa katika kila programu.

*Uzito.* Tumia uzito wa ndege na mzigo wake bila mafuta. Usimpe mmoja idadi ya abiria na mwingine kilo, kwa sababu kila programu ina uzito wake wa kukadiria abiria na mabegi yake. Abiria 100 kwa mmoja si abiria 100 kwa mwingine.

*Vipimo.* Kilo au pauni, chagua kimoja na ukague kila ukurasa. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani huko Canada kwa sababu waliokokotoa walitumia 1.77, ambayo ni pauni kwa lita, badala ya kiasi cha 0.8, kilo kwa lita. Marubani waliishusha bila injini hata moja kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi huko Gimli, na wote walipona. Wale walikuwa watu wazoefu. Wewe unayeanza, kagua mara mbili.

*Mafuta.* Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinayagawa hivi: ya kutembea ardhini, ya safari, ya tahadhari, ya kufika kiwanja cha akiba, na akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege za injini za tabaini ni dakika 30 za kuzunguka futi 1,500 juu ya kiwanja. Fungu la tahadhari ni asilimia 5 ya mafuta ya safari, lakini lisipungue dakika 5 za kuzunguka juu ya kiwanja unachokwenda. Shika sana hicho kipande cha mwisho. Kwenye safari fupi kama ya Nairobi, dakika 5 mara nyingi huzidi asilimia 5. Programu ambayo haikuwekewa kile kikomo cha chini itaonekana ya bei nafuu, kumbe imekunyima mafuta yaliyo haki yako kisheria.

*Kiwanja cha akiba.* Kitaje wewe. Usiiachie programu ichague katika awamu hii. Kutoka Nairobi, Kilimanjaro iko kama maili 127, Eldoret kama 145, Mombasa kama 228. Aliyewekewa Kilimanjaro na aliyewekewa Mombasa hawalinganishwi.

*Upepo na data.* Data za njia na viwanja hubadilishwa kila siku 28, mzunguko tunaouita AIRAC. Hakikisha zote ziko mzunguko mmoja. Utabiri wa upepo wa juu hutoka vituo viwili vya dunia, London na Washington, nao hufanywa upya saa 00, 06, 12 na 18 kwa saa za UTC, yaani saa ya dunia. Kila OFP huandika utabiri uliotumika. Ukiona hautajwi popote, muulize muuzaji. Kwetu karibu na ikweta upepo wa juu ni mpole, na kosa hili linaweza kujificha. Kwenye safari ya Frankfurt halijifichi hata kidogo, hasa miezi ya baridi ya Ulaya.

*Njia ya kurukia.* Sisi tulioko pwani tunaijua kusi na tunaijua kaskazi. Kusi ikivuma, njia ya kurukia namba 21 ndiyo inayofaa. Kaskazi ikivuma, 03. Programu iliyoachiwa chaguo lake la kiwandani inaweza kukupangia 03 mwaka mzima. Kwa safari ya Nairobi ile kona ya ziada baada ya kuruka ni maili kadhaa, na maili kadhaa ndani ya safari ya maili 230 si kitu cha kupuuza.

*Kasi na kimo.* Weka kiwango kimoja cha cost index, yaani uwiano wa gharama ya muda na gharama ya mafuta, na kimo kile kile. Baadaye utaziachia zichague zenyewe.

*Saa.* Hapa nawasihi sana vijana wetu. Tuna saa tatu vichwani: ya Kiswahili, ya Afrika Mashariki na UTC. Safari ya saa mbili asubuhi ni 0800 kwa saa za hapa na 0500 UTC. Mpango wa safari hutumwa kwa UTC, siku zote. Nimeona mwanafunzi akipanga safari ya 0200, akapata upepo wa usiku na kiwanja kilichofungwa, akailaumu programu siku mbili nzima.

Hatua ya 4: Endesha zote kwa wakati mmoja

Fungua programu zote na utoe OFP zote ndani ya nusu saa, kabla utabiri mpya haujaingia. Hifadhi faili kama ilivyotoka. Usinakili takwimu kwa kuziangalia kwenye skrini kisha ukafunga. Wiki ya tatu utatilia shaka namba moja na hutakuwa na pa kurudi.

Hatua ya 5: Vunja jumla

Sasa tazama mfano huu wa Mombasa hadi Nairobi. Takwimu nimezibuni ili hesabu ieleweke. Tuseme kigezo cha kiwanja cha akiba kilisahauliwa kufungwa, na kile cha tahadhari pia.

Programu A: kutembea ardhini kilo 150, safari 2,300, tahadhari 150, kiwanja cha akiba (Mombasa) 2,100, akiba ya mwisho 900. Jumla 5,600.

Programu B: kutembea ardhini kilo 100, safari 2,320, tahadhari 116, kiwanja cha akiba (Kilimanjaro) 1,300, akiba ya mwisho 900. Jumla 4,736.

Anayetazama jumla peke yake atakimbia kwa bosi: "B inaokoa kilo 864 kila safari!" Na bosi atafurahi, atazidisha kwa safari za mwaka, na mkataba utatiwa sahihi. Hebu ivunje. Kilo 800 zimetokana na kiwanja cha akiba. Kilo 50 ni za kutembea ardhini, ambazo mtu alizijaza kwa mkono. Kilo 34 ni tahadhari isiyo na kile kikomo cha dakika 5, kwa sababu 116 ni asilimia 5 tupu. Ukifika kwenye mafuta ya safari yenyewe, fungu pekee ambalo programu imelikokotoa kwa akili yake, B inatumia kilo 20 zaidi ya A. Tena B ilikuwa imebeba mafuta machache, ndege yake nyepesi. Ukizisawazisha, hiyo tofauti ya 20 itakua.

Ndiyo maana nilikuambia usiweke safu ya jumla mwanzoni. Jicho huikimbilia.

Yamewahi kunipata haya, katika kampuni ambayo sitaitaja. Tulipiga makofi ofisini kwa ajili ya kilo mia tatu. Mzee aliyenifundisha kazi aliichukua ile karatasi, akaisoma kimya, akaniambia, "Mwanangu, hizi kilo hazijaokolewa. Zimesahauliwa." Nilirudi kwenye jedwali, nikaikuta tahadhari ya asilimia 3 mahali pa asilimia 5.

Hatua ya 6: Linganisha na mafuta yaliyochomwa kweli

Mpaka hapa umelinganisha karatasi na karatasi. Karatasi mbili zinaweza kukubaliana na zote zikakosea. Shahidi ni tangi.

Kwa wiki tatu au nne, kila safari ya ndege uliyoichagua ipange katika programu zote kabla haijaondoka. Ikitua, rubani akupe mafuta aliyoondoka nayo na aliyobaki nayo, pamoja na maelezo mafupi: je, alipewa njia ya mkato? Alizungushwa juu ya Nairobi? Alikataliwa kimo? Safari iliyozungushwa dakika kumi iweke kando, usiihesabu kama kosa la programu.

Kisha kokotoa kosa la kila safari kwa asilimia: alama ya + ni programu iliyopanga mafuta mengi kuliko yaliyochomwa, − ni iliyopanga pungufu. Na hapa ndipo wengi hutelezea. Tuseme siku tano za A zimekupa kosa la +2.1, +1.9, +2.3, +1.8 na +2.0. Za B ni +4, −5, +1, −3 na +3. Wastani wa B ni sifuri kamili. Wastani wa A ni karibu +2. Anayetazama wastani atasema B haikosei.

B ndiyo ya kuogopa. Kosa la A ni lile lile kila siku. Ukirekebisha asilimia ya ubora wa ile ndege mara moja, limekwisha. B leo inakupa mafuta mengi, kesho inakupa pungufu, na hujui kesho ni ipi. Marubani hujua haraka kuliko sisi wa ofisini. Wakishapoteza imani na OFP kila mmoja huanza kuongeza mafuta yake kimyakimya, na kile mlichotaka kuokoa kinaishia kwenye uzito wa kubeba mafuta yasiyotumika.

Hatua ya 7: Jaribu kuivunja

Usiiogope. Akaunti ni ya majaribio.

Weka akiba ya mwisho kuwa sifuri. Je, inakukatalia? Inaonya kwa maandishi mekundu? Au inakutolea OFP safi kana kwamba hakuna kitu? Tarehe 28 Novemba 2016 ndege ya LaMia iliyobeba timu ya soka ya Chapecoense iliishiwa mafuta karibu na Medellín, Colombia, wakafa watu 71. Mpango wake wa safari ulionyesha muda wa kuruka saa 4 na dakika 22, na mafuta ya kutosha saa 4 na dakika 22. Namba mbili zilizolingana, zimeandikwa wazi, na ndege ikaruka. Mimi siwezi kupendekeza programu inayoziacha namba hizo zipite bila kupiga kelele, hata iwe ya bure.

Funga kiwanja. Igize kama Agosti 2013, moto ulipoifunga JKIA, kiwanja kikuu cha Nairobi, na ndege zikageuziwa Mombasa na kwingineko. Pima inakuchukua dakika ngapi kupanga upya safari tano kwa pamoja.

Kata intaneti. Programu nyingi sasa ziko mtandaoni tu. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Muulize muuzaji: siku kama hiyo, dispacha wa Mombasa atatoa OFP kwa njia gani? Akikujibu "haitatokea," mpe tarehe hizo mbili.

Halafu zitazame NOTAM, yaani matangazo ya mabadiliko na hatari za viwanjani na angani. Programu zote huzileta. Tofauti ni namna zinavyozichuja. Dispacha anayepewa kurasa arubaini kwa safari ya Nairobi hatazisoma zote, na ile moja ya muhimu itampita.

Hatua ya 8: Uliza bei kwa maswali sahihi

Wauzaji wengi hawaweki bei hadharani. Omba ya maandishi, na uulize: ni kwa kila safari, kwa kila ndege, au kwa mwezi? Data za AIRAC zimo ndani? Kutuma mpango kwa waongoza ndege kunatozwa kando? Mafunzo ni ya watu wangapi? Nikihama baada ya miaka miwili, kumbukumbu zangu natoka nazo kwa muundo gani? Swali la mwisho watu hulisahau, nalo huuma baadaye.

Hatua ya 9: Ziendeshe sambamba kabla ya kuhama

Ukishachagua, usizime ya zamani siku hiyo hiyo. Ziende pamoja, ya zamani ikiwa ndiyo rasmi. Zungumza mapema na mkaguzi wenu wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwa sababu kitabu cha uendeshaji kitabadilika, nao watataka kuona ushahidi. Lile jedwali la hatua ya 6 ndilo ushahidi wenyewe.

Ukikwama

*Mafuta ya safari yanatofautiana zaidi ya asilimia 3 na vigezo umevifunga.* Kagua kwa mpangilio huu: uzito, kimo, upepo, cost index, kisha asilimia ya ubora wa ndege. Mara nyingi ni hiyo ya mwisho: programu moja imewekewa, nyingine iko sifuri.

*Muda hautoshani.* Moja inahesabu tangu ndege inapoanza kusogea, nyingine tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Tafuta kwenye OFP ni muda upi unaohesabiwa kabla ya kubishana.

*Programu inakupa kimo cha ajabu.* Kwetu, anayeelekea magharibi hupewa maelfu ya futi yaliyo shufwa, anayeelekea mashariki witiri. Mombasa kwenda Nairobi ni kaskazini-magharibi, basi tegemea 240 (futi 24,000) au 260. Kurudi, 230 au 250. Ukipewa kinyume, huenda viwanja viwili vimepishana kwenye fomu.

*Njia inakataliwa ingawa jana ilikubaliwa.* Tazama kama ni Alhamisi ya AIRAC mpya. Nukta moja ikibadilishwa jina, njia yote iliyohifadhiwa inaanguka. Ifute, ijengwe upya.

*Mpango umetumwa na umerudishwa.* Anza na kipengele cha 10 na cha 18 cha fomu ya mpango wa safari, vinavyotaja vifaa vya ndege na maelezo mengine. Umeandika PBN (uwezo wa ndege kufuata njia kwa usahihi uliowekwa) kwenye cha 18 bila herufi R kwenye cha 10? Utarudishwa kila mara. Rekebisha kwenye taarifa za ndege ndani ya programu, usirekebishe kwenye ujumbe mmoja mmoja, la sivyo kesho utaamka na kosa lile lile.

*Muuzaji hakupi akaunti ya kujaribu mwenyewe.* Mtumie karatasi yako ya vigezo vya hatua ya 3, na umwombe akurudishie OFP tatu ndani ya nusu saa ya kuipokea. Akichukua siku tatu, hizo siku tatu ziandike nazo kwenye jedwali.